Mizunguko Minne

Mimi ni mtu wa Ntuzu, nimezaliwa na kukulia Bariadi. Kwetu, mtu akisikia kwamba binti wa fulani ameolewa, hali ya kwanza anayotaka kuijua si jina la mume wala kanisa walikofungia ndoa. Huuliza: "Ng'ombe wangapi?" Nimeliuliza swali hilo mara nyingi na nimelijibu mara nyingi, na kwa miaka mingi sikuona ubaya wowote ndani yake. Katika sura hii nataka kumweleza msomaji jinsi harusi ya watu wengine kabisa, harusi ya Masingasinga niliyoiona nikiwa mtoto, ilivyorudi kunisumbua nikiwa mzee.

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, naye alikuwa msaidizi wa fundi wa mitambo. Fundi huyo alikuwa Singasinga, mtu mrefu mwenye kilemba cheupe ambacho, kwa namna nisiyoielewa hadi leo, hakikuingia grisi hata siku moja. Sisi kwa Kiswahili tumewaita Masingasinga au Makalasinga, na watoto wa mitaani hulitumia jina hili la pili kwa utani. Wao hujiita Sikh, maana yake mwanafunzi. Wanaume wao huitwa Singh, yaani simba, na wanawake huitwa Kaur, na nadhani ni kule kusikia Singh, Singh kila upande ndiko kulikotupa sisi neno letu. Wengi wa waliotangulia kuja Afrika ya Mashariki walikuja kama mafundi, maseremala na wahunzi wa reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, na vizazi vilivyofuata vikatawanyika katika gereji, viwanda vya mbao na mitambo ya pamba hadi huku kwetu Kanda ya Ziwa. Huyu wa baba alikuwa mmoja wao. Alikijua Kisukuma cha matusi na cha salamu, na alimwita baba yangu "ndugu" zamani kabla siasa haijatuagiza sote tuitane hivyo.

Mwaka 1969 fundi huyo alimwoza mdogo wake wa kike huko Mwanza, akamwalika baba. Baba akanichukua. Nilikuwa na miaka 12. Tulipanda lori la marobota ya pamba, tukapita Lamadi, tukavuka mto Simiyu, na usiku tukalala kwa shangazi yangu aliyekuwa akikaa Mwanza. Asubuhi tukaenda kwenye hekalu lao. Tulivua viatu mlangoni, tukanawa, tukaambiwa tufunike vichwa. Baba alijifunga leso yake ya mfukoni, ncha zikamsimama juu ya masikio, nami nikacheka akanifinya.

Ndani hapakuwa na kiti hata kimoja. Mwenye duka kubwa na utingo wa lori lake walikaa sakafuni, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Mbele, chini ya kitambaa kilichotandazwa juu kama chandarua, palikuwa na kitabu kikubwa kimelazwa juu ya mito, na nyuma yake mzee mmoja akikipepea kwa usinga kama apepewavyo mtawala. Kitabu hicho ni Guru Granth Sahib. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kwao hicho si kitabu cha kuhifadhia maneno ya mwalimu. Ndicho mwalimu mwenyewe, tangu Guru wao wa kumi, Gobind Singh, alipofariki mwaka 1708 bila kuacha mrithi aliye mwanadamu.

Bwana harusi alikaa mbele ya kitabu, ameshika upanga, na kitambaa kirefu kimening'inia begani mwake. Bibi harusi akaletwa akakaa ubavuni pake. Kisha fundi, kwa kuwa baba yao alikwisha kufariki, akainuka, akaishika ncha ya kile kitambaa, akaiweka mkononi mwa dada yake. Nilimwona fundi yule, mtu aliyezoea kuinua vyuma vya mtambo kwa mikono miwili, mikono ikimtetemeka. Ubeti mmoja ukasomwa, halafu waimbaji wakauimba kwa kinanda cha mkono na ngoma ndogo, na maarusi wakainuka wakakizunguka kitabu polepole, mume mbele na mke nyuma. Waliporudi walipoanzia wakainama hadi paji la uso likagusa sakafu. Ubeti wa pili, wakazunguka tena. Mara nne. Hakuna aliyewauliza kama wamekubali, maana kule kuinama ndiko kukubali. Hakuna aliyetaja kitu chochote alichotoa au alichopokea. Baada ya mzunguko wa nne tulisimama sote tukaomba dua, kisha wakatupitishia kitu kama halua, cha unga wa ngano, samli na sukari, tukakipokea kwa viganja vilivyounganishwa. Ndoa ikawa imekwisha kufungwa.

Chakula nacho tulikula sakafuni, safu kwa safu: chapati, dengu, mboga na maziwa ya mgando. Waliotugawia walikuwa watu wenye fedha zao, nao walitugawia wenyewe kwa mikono yao. Huo ndio mlo uitwao langar, na hutolewa bure kwa yeyote aingiaye. Kule Makindu, katika barabara ya Mombasa na Nairobi, wana hekalu lililojengwa mwaka 1926 ambalo mpaka leo msafiri wa kabila lolote huingia akala bila kuulizwa jina. Baba alikula akashiba, lakini aliendelea kutazama mlangoni. Mwisho akaninong'oneza: "Nyama inachelewa." Nyama haikuja. Mtu wa Ntuzu kuambiwa kwamba hiyo ndiyo harusi yenyewe, na hakuna ng'ombe aliyeanguka, ni jambo zito.

Nyama ilikuja usiku, mahali pengine. Katika ukumbi mmoja mjini tulikuta meza, viti, kuku, mbuzi, na chupa za wiski nyingi kuliko nilizowahi kuona, na watu wale wale waliokaa sakafuni asubuhi sasa wameketi kwa daraja, wenye fedha mbele. Pembeni palikuwa na meza ndefu yenye vitu alivyopewa binti aondoke navyo: masanduku, vitambaa, cherehani, vyombo vya shaba, na vito ndani ya visanduku vilivyoachwa wazi ili tuvione. Wageni walipita wakitazama, wakiguswa viwiko na wake zao. Baba naye alipita, akasimama, akahesabu kwa midomo. Tulipokuwa tukirudi ndani ya lori aliniambia kwamba Masingasinga ni watu wa ajabu, wanalipa wao ili binti yao achukuliwe. Nikaona kweli ni ajabu. Tukacheka mpaka Magu.

Mtoto wa fundi yule alikuwa rika langu, na ni rafiki yangu hata leo. Majumba ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971 nusu ya ukoo wao walihamia Uingereza, baba yake akiwamo, lakini yeye alibaki Mwanza kwa baba yake mdogo, akafungua duka la vipuri. Ndiye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, nilichokiona siku ile bila kukielewa.

Ile mizunguko minne inafuata beti nne alizozitunga Guru wao wa nne, Ram Das, aliyefariki mwaka 1581. Mtu angetazamia beti za harusi ziseme juu ya mume na mke, nyumba na watoto. Hazisemi hayo. Zinaeleza safari ya nafsi kwenda kwa Mungu: kwanza kushika wajibu na haki, pili kukutana na mwalimu wa kweli hata hofu ikaondoka, tatu kuuachilia ulimwengu kwa ajili ya shauku ya Mungu, na nne kutulia kabisa katika muungano naye. Nafsi ndiyo bibi harusi, na bwana harusi ni Mungu peke yake. Nilimkatiza rafiki yangu hapo. Nikamwambia, basi yule kijana mwenye upanga naye ni bibi harusi! Akasema ndivyo. Wote wawili ni mabibi harusi, na hakuna kati yao aliye mwenye mwenzake.

Akaniambia jambo jingine ambalo sijalisahau. Katika kitabu hicho hicho kuna wimbo wa huyo huyo Guru Ram Das ambamo binti anayeolewa anamwomba baba yake zawadi ya kuondoka nayo, na zawadi anayoitaka ni jina la Mungu tu. Vitu vingine vyote vinavyotandazwa mbele za watu, wimbo unaviita majivuno ya uongo. Zaidi ya miaka 400 wamekuwa wakiuimba. Na ile meza ndefu ya Mwanza niliiona kwa macho yangu, saa chache tu baada ya kitabu hicho kufunikwa na kupelekwa mahali pake pa kulala.

Nisije nikaonekana ninawasema jirani. Rafiki yangu alinieleza haya mwenyewe, tena kwa uchungu. Mwaka 1945 viongozi wao huko Amritsar walipitisha mwongozo wa mwenendo wa kila Sikh, na ndani yake mambo ya ndoa yamenyooshwa wazi: pasiulizwe tabaka, pasitafutwe siku ya bahati kwa wapiga ramli, bibi harusi asifunikwe uso, na pasiwe na binti wala kijana anayeozwa kwa ajili ya fedha. Hata hivyo Nairobi yapo mahekalu yenye jina la Ramgarhia, yaani ukoo wa mafundi, na wakati wa posa bado wako wazazi wanaouliza: ni wa wapi hao, ni maseremala au ni wakulima? Tena neno lenyewe la kilemba lina mzaha wake. Kule pwani Waswahili huita kilemba ile fedha apewayo baba wa binti wakati wa ndoa, ingawa hakuna anayejifunga kitu kichwani.

Ninachokipenda katika habari yao, na hapa ndipo fikra yangu imekuwa ikirudi, ni kwamba huko kuzunguka hakukuanza nao. Wahindu huzunguka moto, na Masingasinga wengi waliendelea kuoana hivyo hivyo mbele ya moto na kuhani, hata beti zikiwapo, mpaka wapenda marekebisho wa karne ya 19 walipokazana kwamba kitu cha kuzungukwa kiwe ni kitabu peke yake. Mwaka 1909 sheria ya India ikaitambua ndoa hiyo. Watu hao hawakuwaambia wenzao waache kuzunguka. Waliacha miguu iende ilivyozoea, wakabadili kilichoko katikati.

Sasa nije nyumbani kwangu, maana ningeweza kuendelea kusema habari za Mwanza na Amritsar mpaka karatasi ziishe.

Mwaka 2004 nilimwoza binti yangu wa kwanza. Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka tisa. Nimefundisha maarusi wengi kwamba ndoa ni agano la wawili mbele ya Mungu, na nilifundisha kwa dhati. Siku ya posa ilipofika, wazee walikaa chini ya mkwaju, vijiti vya kuhesabia vikawekwa chini, upande wetu ukaanza na 40. Wakashusha, tukapandisha, wakanung'unika, tukanyamaza. Tulifika 28: mitamba 16, madume wawili wa kulimia, waliobaki ndama na majike makuukuu. Kijana yule aliuza mashine yake ya kusaga ili kutimiza. Nililijua hilo. Nilisema moyoni kwamba mwanamume huonekana kwa jasho lake. Binti yangu mwenyewe, niseme ukweli, alifurahi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwatajia wenzake hesabu, maana kwetu msichana aliyeondoka bila ng'ombe huambiwa na mawifi kwamba ameokotwa.

Kanisani hapakutajwa ng'ombe. Mchungaji alizungumza vizuri juu ya harusi ya Kana, jinsi maji yalivyogeuka divai katika mabalasi sita. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele, na nakumbuka nilikuwa nikiwaza kama wale mitamba watapata maji ya kutosha kiangazi kile.

Mwaka uliofuata kijana wangu akaoa upande wa Itilima, na ng'ombe 20 kati ya wale 28 wakatoka zizini kwangu wakaenda kwa wakwe zake. Hivyo ndivyo ng'ombe wanavyotembea kwetu. Dada humwolea kaka yake. Ni mpango wa zamani, na una akili yake: hakuna nyumba inayokaa na mali ya binti wakati kijana wake hana mke.

Mwaka 2009, usiku wa mwezi wa tatu, binti yangu alifika kwangu na mtoto mgongoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba toka kiwiko hadi vidole. Mumewe alikuwa amempiga, wala haikuwa mara ya kwanza. Mama yake alimkanda kwa maji ya moto, akamlaza. Asubuhi nilikaa naye nje. Nilikuwa nimekesha nikipiga hesabu, kwa maana ndoa ikivunjika, mume angedai ng'ombe wake, na ng'ombe wake walikuwa Itilima, wamekwisha kuzaa, na mke wa kijana wangu alikuwa na mimba ya pili. Kuwarudisha kulikuwa kuvunja nyumba mbili. Nikamwambia: "Mwanangu, rudi ukavumilie. Wale ng'ombe wameshapita."

Hakulia. Alinitazama kidogo, akasema, "Nimesikia, baba," akamfunga mtoto mgongoni.

Alivumilia miaka mitatu mingine. Mwaka 2012, mwaka ule ule tulipokuwa tukishangilia kupata mkoa wetu wa Simiyu na Bariadi kuwa makao makuu yake, aliondoka kwa mumewe mara ya pili na watoto wawili. Safari hii hakuja kwangu. Alipita stendi ya Bariadi, umbali ambao kwa miguu ni saa moja na nusu kutoka mlangoni kwangu, akapanda basi la Mwanza. Nilikuja kujua wiki mbili baadaye, rafiki yangu wa duka la vipuri aliponipigia simu: "Binti yako yuko kwangu. Mke wangu amesema asiulizwe kitu mpaka ashibe."

Nilikwenda. Nilipofika, binti alikuwa ametoka kutafuta chumba cha kupanga, nikaongea na mke wa rafiki yangu, ambaye namwita shemeji. Ni mwanamke mpole, lakini siku hiyo hakuwa mpole. Alinipa chai, akakaa mbele yangu.

"Shemeji," alisema, "ninyi mnapokea mali ndipo mtoe binti. Sisi tunatoa mali ili binti apokelewe. Nimekaa na watu wako miaka yote hii na ninawasikia mkitucheka, na sisi ndani tunawacheka ninyi. Dada yangu aliolewa mbali. Wakwe wakataka friji, baba akatuma fedha. Wakataka fedha za kumfungulia mume biashara, baba akatuma tena. Mara ya tatu dada akaja mwenyewe, na baba akampa blanketi jipya akamrudisha. Alimwambia avumilie, kwa maana wadogo zake bado hawajaolewa, na watu watasema. Mdogo wake mmoja ni mimi."

Nikamuuliza kama baba yake hakuujua ule wimbo wa zawadi.

"Aliujua? Aliuimba! Alikuwa na sauti nzuri kuliko wote hekaluni." Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kitu nilichokuwa sikijui. Kwao kulikuwa na desturi kwamba wazazi hawali wala hawanywi katika nyumba ya binti aliyeolewa, maana ametolewa na vyake si vyao tena. Ule mwongozo wa 1945 unaitaja desturi hiyo na kuiita ushirikina, na unasema wazazi wakifika na chakula kipo, wale. "Baba yangu amekuja nyumba hii mara nne," alisema. "Hajawahi kunywa hata maji yangu."

Nimefikiri sana kuhusu mazungumzo hayo. Jambo lililonishika ni kwamba mali ilikuwa ikienda pande zinazopingana, na maneno ya wale baba wawili yakawa ni yale yale. Kama mahari yetu ni heshima kwa mwanamke, kama tulivyozoea kujitetea, basi kwao ambako hakuna mahari mwanamke angedharauliwa na kwetu angeheshimiwa. Na kama vitu vile vya meza ndefu ni upendo wa wazazi kwa binti, kama wao wanavyojitetea, binti wa kwao angelindwa kuliko wa kwetu. Mabinti wote wawili walirudishwa. Kwa hiyo mimi siamini tena kwamba shauri ni mali inakwenda upande gani. Pale mali inapokuwa katikati, watu wengine wote huizunguka, na binti naye huzungushwa.

Lakini sikubaliani na wale vijana wetu wasomi wanaosema mila zote zifutwe kwa siku moja. Mama wa mkwe wangu wa Itilima alipofariki, tulikwenda watu 30 kutoka kwangu, tukalala msibani siku nne, tukachimba kaburi. Ni ng'ombe wale waliotufanya ndugu. Na nyuma ya langar ya Masingasinga kuna fundisho lililogeuka kuwa desturi, desturi inayoshikwa hata na yule ambaye siku hiyo hana moyo wa ibada: atakaa tu sakafuni, atagawa tu chapati, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Fundisho lisilokuwa na desturi ya kulibeba hubaki mdomoni mwa mchungaji. Ninajua, kwa sababu lilibaki mdomoni mwangu miaka tisa.

Wala sheria haikunikosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haiwi batili kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa, na inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Nilikuwa na nakala yake kabatini, mali ya kanisa. Zile kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zina vifungu vya kurudisha mahari panapotokea talaka, na hizo ndizo nilizokuwa nazijua kwa moyo.

Hata Biblia nilikuwa nikiisoma kwa upande mmoja. Watu wakinisuta juu ya mahari nilizoea kuwakumbusha Yakobo, aliyemtumikia Labani miaka 14 kwa ajili ya Lea na Raheli. Nilisimama hapo siku zote. Baada ya mwaka 2012 nilisoma kurasa mbili mbele, katika sura ya 31 ya Mwanzo, mahali ambapo Lea na Raheli wanapewa nafasi ya kusema wenyewe. Wanasema baba yao amewauza na kuzila fedha zao. Niliifunga Biblia ile alasiri na sikuifungua tena hadi Jumapili.

Binti yangu alifungua mgahawa mdogo Mwanza, na anaendelea nao. Mwaka 2013 nilikwenda nikala kwake, ugali na sangara, nikaomba anisamehe. Aliniongezea mchuzi. Sijui kama hilo ndilo jibu.

Sasa mtoto yule aliyekuja mgongoni usiku ule amekua, anasomea uuguzi, na ameposwa na kijana wa Maswa. Kwa mila, ng'ombe wake ni wa baba yake, kwa kuwa wale 28 hawakurudishwa wote, na baba yake ametuma ujumbe kwamba analijua hilo. Wakwe wamesema watakuja baada ya kuuza pamba. Mama yake amenipigia simu. Anataka kikao kifanyike mgahawani kwake, wala si chini ya mkwaju, na baba wa mtoto ataalikwa kama mgeni. Mimi nihudhurie, lakini nisiwe wa kwanza kusema. Nilimuuliza kama vijiti vya kuhesabia nivilete. Alisema ataniambia nikifika.